Käthe Kollwitz: Mchoraji wa Yaliyompata

Mwalimu wa uchoraji katika shule ya msingi huzoea kuweka mtungi mezani na kuwaagiza watoto wauchore. Zoezi hilo hulifunza jicho, wala lisiachwe. Lakini mtoto anayo pia akiba ya mambo aliyoyaona na kuyahisi, ambayo hayawekeki mezani. Maisha ya Käthe Kollwitz, mchoraji na mchongaji wa Ujerumani, yaonyesha jinsi akiba hiyo itumikavyo, na muda inaoudai.

Alizaliwa tarehe 8 Julai 1867 katika mji wa Königsberg, ambao siku hizi ni Kaliningrad, nchini Urusi. Alipokuwa mdogo, nduguye mchanga aitwaye Benjamin aliugua sana. Siku moja mama yao alikuwa akipakua supu, mara yaya akafungua mlango kwa kishindo na kutangaza kwamba mtoto anatapika tena. Mama akakakamaa kidogo, kisha akaendelea kupakua. Mtoto yule akafa. Käthe hakuisahau sura ya mama aliyekataa kulia mbele za watu. Na kina mama wengi katika picha zake hawapigi mayowe.

Mwaka 1891 aliolewa na daktari Karl Kollwitz, wakakaa Berlin katika mtaa wa wafanyakazi. Walijaliwa wana wawili, Hans mwaka 1892 na Peter mwaka 1896. Mwaka 1903 Käthe alikusudia kumchora mama aliyepakata maiti ya mwanawe. Akaketi mbele ya kioo, Peter wa miaka saba mikononi mwake, akajichora.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Peter alitaka kujiunga na jeshi. Kwa kuwa umri wake haukutosha, ilibidi baba atoe idhini. Baba alisita, mama ndiye aliyemwombea. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Peter aliuawa Ubelgiji, akiwa na miaka 18.

Kabla ya mwaka kwisha, Käthe alikwisha kuanza kubuni sanamu ya ukumbusho. Katika mpango wa kwanza kijana alilazwa, wazazi wakiwa kichwani na miguuni pake. Aliushughulikia kwa miaka asiridhike, na mwaka 1919 akauacha. Hata hivyo hakuweka kalamu chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alichonga mbao saba na kuzipiga chapa, picha zote zikihusu vita. Moja yaonyesha mama akimwinua mtoto mchanga kana kwamba anamtoa sadaka. Ajuaye habari ya ile idhini ataona kwamba msanii hakujihurumia.

Baadaye akairudia sanamu. Safari hii alimwondoa kijana kabisa. Wakabaki wazazi wawili waliopiga magoti, kila mmoja peke yake: baba amejikaza wima na kujikumbatia, mama ameinama. Nyuso ni za Karl na Käthe wenyewe. Sanamu hizo za mawe zilisimamishwa katika makaburi ya askari huko Ubelgiji mwaka 1932, yaani miaka 18 baada ya kifo, sawa na umri wa marehemu.

Kipindi chetu cha uchoraji ni cha dakika chache tu. Lakini mtoto aliyeanza kuchora msiba wa nyumbani kwao asidaiwe kumaliza kengele iliapo, wala asilazimishwe kuionyesha picha yake darasani. Karatasi ihifadhiwe, naye aiombe siku aitakayo.

Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimlazimisha Käthe kujiuzulu katika Akademia ya Sanaa ya Prussia, iliyomchagua mwaka 1919. Karl alifariki mwaka 1940. Mjukuu wao, aliyepewa jina la Peter, aliuawa vitani mwaka 1942. Käthe mwenyewe alifariki Moritzburg tarehe 22 Aprili 1945, siku chache kabla vita havijakwisha.

Katika miaka ya 1950 makaburi yale yalihamishiwa Vladslo, pamoja na sanamu. Jina la Peter limeandikwa, pamoja na majina ya askari wengine, kwenye jiwe lililo mbele ya magoti ya wazazi wake.