Dk. Williamson: Tajiri aliyejifungia na almasi za Mwadui

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

NKOLOLO, wilayani Bariadi, ni nchi ya pamba. Mwadui, wilayani Kishapu, ni nchi ya almasi. Hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, zote mbili zilikuwa Mkoa wa Shinyanga. Katika miaka ya 1950 pamba na almasi zilikuwa miongoni mwa mazao yaliyoiingizia Tanganyika fedha nyingi za kigeni. Lakini pamba ilipita mikononi mwa maelfu ya wakulima wa Kisukuma, ilhali almasi karibu zote zilikuwa za mtu mmoja.

Mtu huyo ni Dk. John Williamson, mjiolojia aliyezaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907 na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha McGill. Alifika Tanganyika akiwa mwajiriwa wa kampuni za uchimbaji, kisha akauchukua mgodi mdogo wa Mabuki na kuendelea kuutafuta mwamba mama wa almasi kwa miaka kadhaa, akisumbuliwa na homa na ukata. Aliyemwokoa kwa fedha ni I. C. Chopra, wakili wa Mwanza. Mwaka 1940 mwamba huo ukapatikana Mwadui, ukiwa na eneo la takriban hekta 146. Simulizi za mbuyu na bahati husimuliwa sana, ila bahati hiyo ilitanguliwa na miaka ya kutembea porini.

Ugunduzi huo ulikuja vitani. Viwanda vya silaha vya Uingereza na Marekani vilihitaji almasi za kukatia na kusagia vyuma, hivyo jiwe la Shinyanga likawa suala la usalama wa mataifa ya mbali.

Vita vilipokwisha, Williamson alijenga Mwadui kama nchi ndani ya nchi: uzio, walinzi, upekuzi, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Aliishi humo bila mke, akikwepa wageni. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, akamtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza.

Nguvu yake hasa ilikuwa ghalani. De Beers ilidhibiti soko la dunia kwa kununua na kugawa almasi kwa kiasi. Mchimbaji huru mwenye mgodi mkubwa namna hiyo aliweza kuvuruga bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizuia almasi zake mpaka masharti yalipojadiliwa upya. Hakuna mkulima wa Nkololo aliyeweza kufanya hivyo peke yake. Wakulima wa pamba walilazimika kuungana, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda Shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani.

Saratani ya koo ilimuua Williamson Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50, akazikwa Mwadui. Mwaka huo huo ndugu zake waliuza mgodi: nusu ilikwenda kwa Serikali ya Tanganyika, nusu kwa De Beers.