Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeandama saratani ya watoto Afrika Mashariki

MSAFIRI anayetoka Kisumu kuelekea Nakuru huliacha joto la Ziwa Victoria nyuma yake, akapanda hadi mashamba ya chai ya Kericho, akapita baridi ya Mau Summit, kisha akateremka hadi mji wa Nakuru ulio takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari.

Kwa wengi, hayo ni mabadiliko ya hali ya hewa tu. Lakini kwa Dkt Denis Parsons Burkitt, mwinuko wa namna hiyo ulikuwa mpaka wa ugonjwa. Kandokando ya ziwa, watoto walikuwa wakifa kutokana na saratani iliyovimbisha taya zao. Huku juu, katika nyanda za kati za Bonde la Ufa, saratani hiyo ilikuwa nadra mno.

Ni kwa kujiuliza sababu ya tofauti hiyo ambapo daktari huyu, aliyekuwa na jicho moja tu la kuonea, aliacha jina ambalo madaktari wa saratani kote ulimwenguni hulitaja hadi leo.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi aliyependa kuchunguza mienendo ya ndege. Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipata ajali iliyompotezea jicho la kulia.

Alijiunga na Chuo cha Trinity jijini Dublin kusomea uhandisi kama babake, lakini baadaye akageukia udaktari na kufuzu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye alihitimu kuwa daktari wa upasuaji.

Alipoomba kazi ya utabibu katika makoloni ya Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia njia. Alijiunga na kikosi cha matabibu wa jeshi la Uingereza na kuhudumu Kenya na Somalia, miongoni mwa mahali pengine. Vita vilipomalizika aliajiriwa Uganda, akaanza kazi mjini Lira mwaka 1946. Mwaka 1948 alihamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

WATOTO WAWILI

Mwaka 1957, Dkt Hugh Trowell alimwita wodini amtazame mvulana aliyekuwa na uvimbe pande zote nne za taya, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo. Saratani kwa kawaida huanzia mahali pamoja, na maambukizi hayazuki pande zote kwa mpangilio huo.

Muda mfupi baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe tumboni pia. Burkitt alishawishika kwamba hiyo haikuwa sadfa.

Alipekua kumbukumbu za wagonjwa na kugundua kuwa uvimbe wa taya, wa tumbo na wa viungo vingine, ambao madaktari walikuwa wakiupa majina tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mnamo 1958 alichapisha matokeo yake katika jarida la upasuaji la Uingereza. Baadaye ilithibitishwa kuwa ni saratani ya chembe za mfumo wa limfu, nayo ikaitwa limfoma ya Burkitt.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Burkitt alituma barua na picha kwa mamia ya hospitali barani Afrika akiuliza iwapo ugonjwa huo ulionekana huko. Kisha, Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford walilolinunua kwa pauni 250. Kwa muda wa wiki kumi walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizuru hospitali zaidi ya 50.

Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa ulifuata hali ya hewa. Karibu na ikweta, ulipatikana hasa chini ya mita 1,500, mahali penye joto na mvua ya kutosha. Nchini Kenya, pwani na maeneo ya Ziwa Victoria yaliathirika, ilhali nyanda za juu, Nakuru ikiwemo, zilinusurika. Kwa hivyo, watoto wa Bonde la Ufa ambao hawakuugua walikuwa ushahidi sawa na wale wa Nyanza waliougua.

Ramani hiyo ilifanana na ile ya maradhi yanayoenezwa na mbu. Wakati huo huo, mtafiti Anthony Epstein, aliyemsikiliza Burkitt akihutubu London Machi 1961, alianza kupokea vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kupata virusi ndani ya chembe hizo. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Virusi hivyo vimeenea kote duniani; malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoongeza hatari ya mtoto mwenye navyo kupata saratani hii.

MAFICHO YA UBONGONI

Kujua ugonjwa ulikotoka hakukumsaidia mtoto aliyekuwa tayari wodini. Upasuaji ungemharibu uso bila kumponya, kwani uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha, chembe zake zikiongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili.

Ulaya na Marekani, madaktari wa enzi hiyo walitegemea mionzi. Walimulika uvimbe kwa mashine kutoka nje ya mwili, ama walipachika vipande vidogo vya madini ya radiamu ndani ya mwili, karibu na uvimbe wenyewe. Kampala haikuwa na huduma ya mionzi. Uganda ilingoja hadi miaka ya 1990 ndipo ikapata mashine hiyo.

Kwa kukosa mionzi, Burkitt aligeukia dawa ambazo wakati huo zilikuwa bado katika majaribio, zikiwemo methotreksati na siklofosfamidi. Alishirikiana na wataalamu wa Marekani, Joseph Burchenal na Herbert Oettgen, huku Dkt Peter Clifford akifanya kazi kama hiyo jijini Nairobi. Matokeo yaliwashangaza. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya dozi chache tu. Wakati ambapo wengi waliamini kuwa dawa pekee haziwezi kuponya saratani, ushahidi wa kinyume chake ulitoka Afrika Mashariki.

Hata hivyo, furaha hiyo haikukosa doa. Kuna watoto waliorudi wodini uso ukiwa umepona lakini kope zimelegea, au miguu imepooza. Saratani ilikuwa imejificha katika ubongo na uti wa mgongo. Ubongo una kinga ya kimaumbile inayozuia dawa nyingi kupenya kutoka kwenye damu, na kinga hiyo iliilinda saratani pia.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, na vita hivyo vikaendelezwa na wengine. Katika kituo cha limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, Dkt John Ziegler na wenzake walidunga dawa moja kwa moja katika maji yanayozunguka uti wa mgongo na ubongo, ili imfikie adui alipojificha. Mionzi nayo ilijaribiwa. Mwaka 1977, Dkt Charles Olweny na wenzake walichapisha matokeo kuwa kumulika ubongo na uti wa mgongo hakukuizuia limfoma hiyo kurudi humo. Hadi leo, kudunga dawa katika maji ya uti wa mgongo ni sehemu ya tiba ya ugonjwa huu.

Kwa saratani za aina nyingine zilizosambaa hadi ubongoni, mionzi imebaki kuwa silaha muhimu. Katika baadhi ya hospitali za ng'ambo, vipande vidogo vinavyotoa mionzi huachwa ndani ya ubongo pale uvimbe ulipoondolewa.

URITHI

Akiwa London, Burkitt alipata sifa upya kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, akitumia aliyoyaona katika mlo wa Waafrika wa vijijini. Alituzwa mara nyingi kabla ya kufariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Nakuru, nayo, ilipata kituo cha saratani chenye huduma ya mionzi katika miaka ya 2020, hivyo kuwapunguzia wagonjwa safari ya takriban kilomita 160 hadi Nairobi. Lakini kwa limfoma ya Burkitt, muda ungali jambo la kwanza. Mtoto mwenye taya lililovimba, meno yaliyolegea bila sababu au tumbo linalojaa haraka hapaswi kungoja hata wiki moja, kwani ugonjwa huu hutibika, hasa ukikabiliwa kabla haujafika ubongoni.