John Backus (1924–2007) na kompaila inayoboresha programu

Katika mada ya lugha za programu utakutana na jina la John Backus. Wanafunzi wengi hulikariri pamoja na neno Fortran na mwaka 1957, kisha hufunga daftari. Hiyo itakupa alama moja. Lakini siku programu yako itakapofanya kazi vizuri kwenye majaribio na kugoma baada ya kuwasha uboreshaji, hutajua pa kuanzia. Kwa hiyo soma maisha yake polepole.

Backus alizaliwa Philadelphia, Marekani, tarehe 3 Desemba 1924. Usimfikirie kuwa ni mtoto aliyeongoza darasa. Shuleni alifeli mara kwa mara, na likizo zake zilikwisha katika kurudia masomo. Mwaka 1942 aliingia Chuo Kikuu cha Virginia kusoma kemia, akawa mtoro, chuo kikamwondoa. Jeshi likamchukua, likampeleka kusoma uhandisi na baadaye udaktari. Akiwa huko alikutwa na uvimbe kwenye fuvu, akapasuliwa na kuwekewa bamba la chuma. Udaktari nao akauacha. Hisabati alianza kuipenda alipokuwa akijifunza ufundi wa redio mjini New York, akaenda kuisomea Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1950 aliingia ofisi za IBM kutazama kompyuta kubwa iliyokuwa ikionyeshwa kwa umma, akauliza kama kuna kazi, akasailiwa na kuajiriwa.

Enzi hizo programu iliandikwa kwa lugha ya mashine, amri mojamoja. Robo mpaka nusu ya muda wa kompyuta ilipotea katika kutafuta makosa. Mwishoni mwa 1953 Backus aliwaandikia wakubwa wake akiomba atengeneze programu itakayopokea fomula na kuzitafsiri yenyewe kuwa amri za mashine. Hiyo ndiyo kompaila. Wataalamu walikuwa na shaka: waliamini mashine haiwezi kuandika amri za haraka kama binadamu, na kama tafsiri ingekuwa nzito hakuna ambaye angeitumia. Ndiyo maana kikosi cha Backus kiliweka nguvu nyingi kwenye uboreshaji.

Uboreshaji ni nini? Tuseme mama anakutuma Kariakoo: nunua nyanya Shimoni, nenda Mtaa wa Msimbazi uchukue sabuni, kisha rudi Shimoni ununue vitunguu. Ukiwa na akili utanunua nyanya na vitunguu kwa safari moja. Mpangilio umebadilika, kikapu kinarudi na vitu vilevile. Kompaila ya Fortran ilifanya hivyo kwa amri. Hesabu isiyobadilika ndani ya kitanzi iliitoa nje, ifanyike mara moja tu.

Kila walipoulizwa lini watamaliza walijibu miezi sita. Kazi ilichukua takribani miaka mitatu. Walikodi vyumba vya hoteli wakalala mchana, ili usiku waitumie IBM 704 ikiwa huru. Sehemu ya kuchunguza mtiririko wa programu, kukadiria njia zipi zitapitwa mara nyingi, ilifanywa na Lois Haibt, msichana aliyekuwa ametoka chuo karibuni. (Wasichana wa Jangwani, andikeni na jina hilo.)

Kompaila ilipoanza kutoa amri, waliyoitengeneza wenyewe walishtuka. Amri zilikuwa zimehamishwa mahali wasipotarajia, wakadhani ni kosa. Walipozifuatilia hatua kwa hatua wakakuta hesabu ni sahihi.

Aprili 1957 kadi za kompaila zilifika kwa watumiaji wa maabara ya Westinghouse Bettis, Pittsburgh, bila maelekezo. Walipojaribu programu yao, kompaila iliwajulisha kuwa koma imekosekana. Wakaiweka, programu ikaenda. Kosa la namna hiyo ni jepesi, kwa kuwa linasemwa.

Gumu ni lile lisilosemwa. Tuseme unatengeneza kengele ya mafuriko kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, kwa lugha ya C. Kihisi kikiguswa na maji, programu ndogo ya pembeni hubadilisha kigeu kiitwacho kina. Programu kuu inazunguka kwenye kitanzi ikisubiri kina kipite kikomo. Bila uboreshaji kengele inalia. Kwa uboreshaji, kompaila inaona kwamba ndani ya kitanzi hakuna mstari unaobadilisha kina, basi inakisoma mara moja na kuendelea kutumia thamani ya zamani. Maji yanapanda, kengele kimya, na watu wa Jangwani wamelala. Dawa yake ni kukitangaza kigeu hicho kwa neno volatile, ili kompaila ikisome upya kila mara.

Usikimbilie kusema kompaila ni mbovu. Hutokea, lakini mara chache sana. Kwa kawaida kasoro ilikuwa kwako na uboreshaji umeifichua tu. Washa maonyo kwa -Wall. Tafsiri programu kwa -O0, kisha -O1, kisha -O2, uone inaharibikia ngazi gani. Halafu boresha nusu ya mafaili na kuacha nusu, uendelee kugawa mpaka ubaki na faili moja. Humo tafuta kigeu kisichopewa thamani ya mwanzo, au safu inayoandikwa kupita mwisho wake. Ukiongeza mstari wa kuchapisha thamani na kosa likatoweka, usishangilie: mstari huo umebadilisha tu namna kompaila inavyopanga amri. Kurudi -O0 na kunyamaza pia si tiba.

Mwaka 1959 Backus alibuni namna ya kuandika kanuni za sarufi ya lugha za programu, inayotumika mpaka leo. Alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1977, wakati Tanzania ilikuwa bado na marufuku ya 1974 ya kuingiza kompyuta nchini. Katika mhadhara wa tuzo hiyo alizikosoa lugha za aina ya Fortran, yaani kazi yake mwenyewe. Alifariki Ashland, Oregon, tarehe 17 Machi 2007, kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Jipime: Kwa nini kikosi cha Backus kilijali uboreshaji kuliko urahisi wa lugha? Programu ya kengele ikilia kwa -O0 na kukaa kimya kwa -O2, utakagua nini kwanza, na kwa nini?