Zamenhof: walipokea lugha, wakakataa maadili

Katika somo la aina za lugha, Ludwik Lejzer Zamenhof hupewa sentensi moja: daktari aliyebuni Kiesperanto mwaka 1887. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inaacha nusu ya maisha yake nje. Zamenhof alitafuta lugha kwa ajili ya maadili. Wengi waliomfuata walichukua lugha, kisha wakamwomba aweke maadili kando. Jinsi alivyoishi kati ya mambo hayo mawili ndiyo ninayotaka kusimulia.

Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1859 huko Białystok, mji ambao leo uko Polandi lakini zamani hizo ulikuwa ndani ya dola la Urusi. Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani walikaa hapo jirani kwa jirani, kila kundi na lugha yake, na mara nyingi kila kundi na chuki yake. Yeye alikuwa Myahudi, mtoto wa mwalimu wa lugha. Mwaka 1878, akiwa bado katika sekondari mjini Warsaw, aliwaonyesha wanafunzi wenzake rasimu ya kwanza ya lugha ya watu wote.

Alisomea udaktari Moscow na Warsaw. Kwa muda alikuwa katika harakati za Wayahudi waliotaka kuhamia Palestina, na aliandika sarufi ya Kiyidi. Baadaye aliachana na harakati hizo. Mwaka 1887 alimwoa Klara Silbernik, na kwa fedha za baba mkwe akachapisha kijitabu chake kwa Kirusi, kwa jina la Daktari Esperanto, yaani mwenye matumaini. Kilikuwa na kanuni 16 na mizizi ya maneno 900 hivi.

Sisi tunaosoma lugha za Kibantu hatupati shida kuielewa kazi yake. Chukua neno malsanulejo. Mzizi san ni afya. Mal hugeuza maana kuwa kinyume. Ul humtaja mtu. Ej hutaja mahali. O huonyesha nomino. Mahali pa watu wasio na afya: hospitali. Mofimu zinafuatana bila kubadili umbo, nasi tunazikata kama tunavyokata kitenzi cha Kiswahili.

Katika kijitabu hichohicho alitangaza kwamba anaacha haki zake zote juu ya lugha hiyo. Aliona kwamba lugha ni mali ya wanaoisema. Mwaka 1894, mapendekezo ya kuirekebisha yalipozidi, aliyapeleka kwa wasomaji wa gazeti la Kiesperanto wayapigie kura. Wengi walikataa marekebisho, naye akakubali. Wakati huo maisha yake yalikuwa magumu. Mahari ya mkewe ilikwisha katika uchapaji, akahama mji baada ya mji akitafuta wagonjwa. Mwishoni alirudi Warsaw, akawa daktari wa macho katika mtaa wa Wayahudi maskini, akitoza bei ndogo.

Mwaka 1901 alitoa wazo la pili, kwa jina la kubuni. Aliliita Hilelismo, kutokana na Hileli, mwalimu wa Kiyahudi wa kale aliyefundisha kwamba usimtendee mwenzako usilopenda kutendewa. Mwaka 1906 alilipanua na kuliita Homaranismo: kujihesabu kwanza kuwa mmoja wa jamii ya wanadamu. Hakumtaka mtu aache kabila, lugha wala dini yake. Alitaka nyumbani kila mtu aseme lugha yake, ila wanapokutana watu wa lugha mbalimbali asiwepo wa kumlazimisha mwingine. Alitaka pia nchi ihesabiwe kuwa mali ya wote wanaoikaa, kwa haki sawa.

Wenzake waliogopa. Kongamano la kwanza la dunia lilifanyika mwaka 1905 huko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, likiwa na watu 688. Viongozi Wafaransa hawakutaka lugha ihusishwe na dini wala na Uyahudi wa mwanzilishi. Zamenhof alisoma shairi lake la maombi, lakini ubeti wa mwisho, unaowaweka pamoja Wakristo, Wayahudi na Waislamu, ukaachwa. Tamko la kongamano likasema kwamba Kiesperanto ni lugha tu, na matumaini mengine ni ya mtu binafsi.

Mwezi wa Juni 1906 makumi ya Wayahudi waliuawa Białystok, mji wake wa kuzaliwa. Miezi miwili baadaye, katika kongamano la Geneva, aliyaeleza mauaji hayo mbele ya wote, akasema hataki lugha iliyobaki chombo cha biashara tu. Hata hivyo hakumlazimisha yeyote kupokea Homaranismo. Mwaka 1912, huko Kraków, aliacha uongozi wa makongamano ili awe huru kuitetea bila kuwabebesha wengine. Mwaka uliofuata aliichapisha kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1914 Waesperanto wa Kiyahudi walimwalika katika chama chao, akakataa. Alikiri kwamba utaifa wa wanaoonewa unasameheka zaidi, ila hakutaka kuufanyia kazi utaifa wowote, hata wa watu wake.

Alifariki Warsaw tarehe 14 Aprili 1917, katikati ya vita. Wanazi walimpiga risasi mwanawe Adam mwaka 1940. Mabinti zake, Zofia na Lidia, waliuawa Treblinka mwaka 1942.

Mimi simkubali Zamenhof katika kila jambo. Lugha aliyoiona kuwa haina upande imejengwa kwa mizizi ya Ulaya. Mluba au Mswahili hakuulizwa. Lakini kosa hilo liko katika msamiati. Maadili yaliyowatisha wenzake yanatugusa hapa Kongo, ambako lafudhi ya mtu inatosha kumfanya aulizwe kama kweli ni mwenyeji. Kifaransa cha ofisini na lugha zetu nne za taifa havitatujibia swali hilo. Zamenhof alilijibu kwa namna alivyoishi: aliitoa lugha yake, aliacha kiti chake, na hakumnyima mtu haki ya kumkatalia.