Gottlieb Daimler na motere ya nyuma ya nyumba

Piki-piki tunaisikia kila siku barabarani, lakini wengi wetu hawajui kama ile ya kwanza yenye motere ya esansi ilizaliwa ndani ya kajumba ka maua, nyuma ya nyumba ya mutu mugonjwa wa moyo.

Gottlieb Daimler alizaliwa tarehe 17 Machi 1834 kule Schorndorf, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwokaji wa mikate. Yeye alianza kujifunza ufundi wa bunduki, kiisha akasomea mashini. Baadaye akawa mukubwa wa kiwanda cha Bruderhaus, muji wa Reutlingen. Bruderhaus ilikuwa nyumba iliyopokea yatima na maskini, iliyoanzishwa na muhubiri wa Kiprotestanti Gustav Werner. Ni kule alimukuta kijana yatima, Wilhelm Maybach, aliyefundishwa kuchora mashini. Tangu hapo walifuatana karibu maisha yote. Watu hutaja Daimler peke yake. Hiyo si haki, sababu michoro mingi ilitoka katika mukono wa Maybach.

Wote wawili walitumika kule Deutz, katika kiwanda cha Nikolaus Otto. Motere ya Otto ya mwaka 1876 ilikuwa nzuri, lakini nzito sana, ya kusimama mahali pamoja na kula gazi. Daimler alitaka motere ndogo ya kubeba watu. Hawakusikilizana, na katika 1882 akaacha kazi yenye mushahara mzuri. Alinunua nyumba yenye bustani kule Cannstatt, karibu na Stuttgart, akapanua kajumba ka vioo ka kutunzia mimea, akaweka humo meza ya kazi na vyombo.

Walifanya kazi kwa siri, muchana na usiku. Mutunza bustani akisikia kelele za chuma akawaza kama bwana wake anatengeneza feza za uongo! Akaita polisi. Polisi wakaingia usiku pasipo mwenyewe kujua, wakakuta vyombo na vipande vya mashini tu.

Tabu kubwa ilikuwa moto. Motere za Otto ziliwashwa na kamuliango ka kuteleza, kalikofunguka ili ndimi ya moto iingie katika silinda. Kwa mwendo wa pole iliweza, lakini motere ndogo haina nguvu kama haizunguke mbio, na kamuliango hakaweze kufuata. Basi wakachukua kadomo ka bomba, upande mumoja wazi ndani ya silinda, upande wa inje umezibwa. Inje wakaweka taa ya kukachoma mupaka kawe kekundu. Pistoni ikisukuma hewa na mvuke wa esansi ndani ya kabomba, vinawaka venyewe. Cheti cha serikali walipata Desemba 1883. Motere yao ya 1885 ilizunguka mara 600 kwa dakika, na ilikuwa na uzito wa karibu kilo 60. Nguvu yake? Nusu ya farasi!

Waliifunga katika kinga ya mbao, magurudumu ya mbao yenye kuvikwa chuma, na viguru viwili vidogo pembeni ili isianguke. Novemba 1885 mutoto wa Daimler aliiendesha toka Cannstatt mupaka Untertürkheim, karibu kilometa 3, kwa mwendo usiopita kilometa 12 kwa saa. Inasemwa kama kiti kilishika moto, na haishangazi: taa ilikuwa chini yake kabisa.

Daimler hakufuatilia piki-piki. Kwake ilikuwa ya kujaribia motere tu, na mwaka 1886 akaiweka katika mutumbwi na katika gari la farasi. Alikufa tarehe 6 Machi 1900. Piki-piki yenyewe iliungua katika moto wa kiwanda mwaka 1903. Zile zinazoonyeshwa leo ni za kuiga. Kajumba kangali kule Cannstatt, na watu wanaenda kukatazama.