Kelvin, mzee aliyetoa cheche kwenye matone ya maji

Wadau, wengi wetu Kelvin tunamjua kwa ile 273 ya darasani tu, unajumlisha kwenye nyuzi za Selsiasi halafu basi. Leo nawaletea mwenyewe, maana mambo yake yanafika mpaka huku kwetu Ngara na Biharamulo.

Alizaliwa Belfast mwaka 1824, jina lake William Thomson. Mama alifariki dogo akiwa na miaka 6. Baba, mwalimu wa hesabu, akahamia na watoto Glasgow, na William akaingia chuo kikuu akiwa na miaka 10. Kumi! Akiwa na 22 akawa profesa hapohapo, akafundisha miaka 53. Kazi yake kwenye waya wa telegrafu uliovuka bahari ya Atlantiki mwaka 1866 ilimpatia cheo cha Sir. Jina la Kelvin, alilochukua 1892 alipopewa ulodi, ni la mto unaopita jirani na chuo.

Mimi nampendea mtambo wake wa 1867. Maji yanadondoka sehemu mbili, kila upande matone yanapita katikati ya pete ya chuma na kuingia kwenye kopo. Kila pete imeungwa kwa waya na kopo la upande wa pili. Hakuna betri wala sumaku. Chaji kidogo ikitokea kwenye pete moja, inavuta chaji ya kinyume kwenye matone, makopo yanaongezeana mpaka cheche inaruka! Makopo lazima yakae juu ya kitu kisichopitisha umeme. Sisi tungeweka juu ya ndoo ya plastiki, yeye hakuwa nayo.

Na plastiki nayo ina yake. Maji yakiteleza juu yake huondoka na chaji chanya, plastiki inabaki na hasi. Maji hayawaki, sawa. Lakini petroli je? Haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo chaji inakaa humohumo, na cheche ndogo inatosha kuwasha mvuke wake. Jamaa zangu wa barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, msijaze dumu likiwa juu ya pikipiki au ndani ya gari. Liweke chini, mdomo wa pampu uguse dumu, mimina taratibu.

Mzee alikuwa mbishi pia. Mwaka 1897 alisema dunia ina umri wa miaka milioni 20 hadi 40, kumbe ni bilioni 4.5. Alifariki Desemba 1907, wakamzika Westminster Abbey, London, karibu na Newton.