Samuel Ajayi Crowther

Ajayi alizaliwa karibu na mwaka 1807 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo sasa ni sehemu ya Nigeria. Katika mwaka 1821 mji huo ulishambuliwa ukachomwa moto. Ajayi, mama yake na ndugu zake walitekwa, kisha wakatenganishwa. Yeye aliuzwa mara nyingi, na mwisho akatiwa katika merikebu ya Wareno ili apelekwe ng'ambo. Lakini manowari za Waingereza ziliikamata merikebu ile, na katika mwaka 1822 akashushwa Sierra Leone, akawa huru.

Huko alitiwa katika shule ya misioni, katika kijiji cha Bathurst. Kiingereza hakukijua, wala hakujua kusoma. Husimuliwa ya kuwa siku ya kwanza, baada ya masomo, aliomba nusu peni akanunua kadi ya herufi, iwe yake mwenyewe. Baada ya miezi sita aliweza kusoma Agano Jipya kwa Kiingereza. Ndipo alipofanywa msaidizi wa mwalimu, akawafundisha wenziwe. Alibatizwa mwaka 1825, akapewa jina la Samuel Crowther. Baadaye akawa mwalimu, na katika mwaka 1843 akawekwa kuwa padre huko London.

Sasa alikuwa mtu wa elimu, lakini hakujivuna. Mwezi wa Januari 1844 aliendesha ibada kwa Kiyoruba mjini Freetown, mbele ya Wayoruba waliookolewa kama yeye. Siku ile alijiona kama mtoto mchanga anayeanza kutamka lugha ya mama yake. Alipotambua upungufu wake hakuona haya kujifunza tena. Aliketi na wazee, akawasikiliza kwa adabu, akaandika maneno na mithali zao.

Katika mwaka 1846 alifika Abeokuta akafanya kazi huko. Mama yake alipopata habari zake akaja. Walikuwa hawajaonana kwa miaka 25. Walitazamana kwa machozi, wasiweze kusema kitu. Kiingereza chote alichojifunza hakingalimfaa mama yule. Bali kwa Kiyoruba alimfundisha, na katika mwaka 1848 mama akabatizwa.

Crowther akazidi kufanya kazi ya kuwapa watu vitabu katika lugha yao. Katika mwaka 1857 kilitolewa kitabu chake cha kuanzia kusoma kwa Kiigbo. Katika mwaka 1864 aliwekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza wa Kanisa la Kianglikana kupata cheo hicho. Aliongoza pia kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba, iliyokamilika katika mwaka 1884. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Ajayi alitoka utumwani akajifunza lugha ya wageni vizuri sana, wala asili yake hakuiacha.